Asili Mara Badiliko la Kiasi

Jumatatu, 23 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo asubuhi, nami nimekaa dirishani kuitazama mpaka uji ukapoa. Bibi akasema, "Kuruthumu, wewe ukizama hivyo, siku moja tutakutafuta kwa nyavu." Nikamjibu nipo. Sikuwepo. Nilikuwa nawaza Dija yuko wapi.

Alikwenda kwao Saadani kula Idi na wazee wake, akaahidi kurudi jana. Jana ikapita bila yeye. Kitanda chetu kimekuwa kipana hata sijui nilale upande gani.

Haya naandika kwa ajili yake. Akirudi atataka kujua yote, na mimi nikisimulia kwa mdomo huwa naelea, naanzia mwisho. Tuko pamoja tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa hatujaota meno ya pili. Baadaye baba yake akapata kazi ya ulinzi hifadhini, wakahamia Saadani. Alipochaguliwa kidato cha tano hapa Bagamoyo, Mama akasema mtoto huyo hapangi chumba, atakaa kwetu. Sasa tuko kidato cha sita na mtihani wa taifa ni mwanzo wa Mei.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Dija hajaja.

Jumatano, 25 Machi

Mwalimu Ishaka amerudisha karatasi za mtihani wa majaribio. Huyu ndiye mwalimu wetu wa hesabu, mtu mrefu mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, na kicheko chake sijawahi kukisikia. Tunamwita Bwana Alama, kwa sababu alama moja ya kutoa ikikaa pabaya anakukatia swali zima bila huruma. Nilidhani anatuchukia sisi wasichana. Leo nimehakikisha.

"Kuruthumu."

"Bee, mwalimu."

"Njoo ubaoni."

Akaandika sehemu: juu x mara x, chini x jumlisha moja. Namba ya juu sisi bado tunaiita kiasi na ya chini asili, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Kiasi kinabadilika, asili nayo inabadilika, na kanuni ya mgawanyo ndiyo inayokuambia sehemu nzima inapanda au kushuka kwa kasi gani. Katika mtihani ule nilikuwa nimeifanya hesabu hiyo na nikajiona bingwa.

"Weka moja mahali pa x. Unapata nini?"

"Nusu, mwalimu."

"Weka mbili."

"Moja na theluthi."

"Imepanda au imeshuka?"

"Imepanda."

"Jibu lako linasemaje?"

Nikatazama karatasi yangu. Mbele ya jibu kulikuwa na alama ya kutoa. Jibu langu lilisema inashuka.

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema, "Asiyejua hukosea ovyo ovyo. Huyu maswali yote ya mgawanyo ameyakosea namna moja, kila jibu limegeuka kama kanzu iliyovaliwa nje ndani. Kwa nini, binti?"

Nilirudi kwenye dawati masikio yanawaka. Ninataka kwenda chuo kusomea hali ya hewa, niwe mimi ndiye ninayewaambia watu mvua inakuja lini. Bila kufaulu hesabu nitabaki kuitazama dirishani.

Dija naye alipata alama za chini, lakini yeye siku ile alisema ana homa.

Ijumaa, 27 Machi

Nimejua kwa nini.

Nilikuwa barazani nasugua soksi, maji ya mapaa yanapiga ndoo, na ndoo ikawa dufu. Mdomo ukaanza kuimba wenyewe. Mwaka jana Dija aliitia kanuni ile katika mahadhi ya kasida tuliyokuwa tukiisoma Maulidi, maana sisi kitu kisipoimbwa hakikai kichwani. Yeye anaanza:

Asili mara badiliko la kiasi.

Mimi naitikia:

Toa kiasi mara badiliko la asili.

Halafu wote pamoja:

Gawa kwa asili mara asili yake.

Tumeiimba jikoni, njiani, kisimani, mpaka Bibi akauliza, "Kasida gani hiyo? Mbona sijamsikia Mtume hata mara moja?"

Kule chuo cha Kurani nako ilikuwa hivyo hivyo. Dija ndiye msomaji, mimi mwitikiaji, tangu siku ile Maalim aliponijaribu nianze, nikawa natazama mjusi ukutani, watu wote wakabaki wananingoja. Akasema, "Sauti unayo, mwanangu, lakini kuanza si kazi yako." Nilifurahi. Kuanza kunatisha.

Sasa siku ya mtihani wa majaribio Dija alikaa safu ya mbele, mimi nyuma kabisa. Kila nilipofika kwenye sehemu, kichwani nilimngoja aanze. Kimya. Basi kikatoka kile ambacho mdomo wangu unakijua, kiasi mara badiliko la asili, nikakiweka mbele, kisha nikatafuta kitu cha kukitoa. Nusu mbili zilikuwa sahihi. Nilizipanga kinyume.

Nilicheka peke yangu na povu mkononi. Halafu nikaacha kucheka. Sikumbuki jambo hata moja nililolianza mimi.

Jumatatu, 30 Machi

Barabara ya kutoka Saadani imekatika. Mto umepanda mpaka juu ya njia. Watu wanasema magari yamepanga foleni pande zote mbili, yanatazamana.

Alhamisi, 2 Aprili

Baba yake Dija ana simu ya kitochi, na kwao mtandao unapatikana ukisimama kwenye ngazi ya tangi la maji. Leo Dija amepanda ngazi.

"Shoga, umenenepa au umekonda?"

"Dija, acha hayo. Unarudi lini?"

"Baba anasema mpaka maji yashuke. Baharini ndiyo kabisa hataki kusikia. Vitabu vyangu viko chini ya kitanda, usiviache vikaliwa na mende."

"Basi anza."

"Nianze nini?"

"Kanuni! Nataka kukusikia unavyoianza."

Akakohoa kidogo kama msomaji aliyekaa mkekani. Nikasikia "Asi", na simu ikanyamaza. Nimekaa nayo sikioni muda mrefu, kama mjinga, nikisikiliza hewa ya Saadani.

Jumapili, 5 Aprili

Mjomba Ramadhan amekuja na mkewe na watoto wao na kuku wao. Nyumba yao bondeni imeingia maji. Mama amewatandikia sebuleni. Chumba changu kimepata wageni wawili wadogo, wanalala miguu yao tumboni mwangu.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Sinia la mchana limekwisha kabla sijanawa.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua. Shemeji zake Mjomba nao wamekuja. Mama kaongeza mchele. Nilipoinama kuchukua tonge la pili nikakuta maua yaliyochorwa kwenye sinia tupu.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimefanya jambo baya, au labda nimesema kweli, siwezi kutofautisha.

Mwalimu Ishaka alitupa zoezi la mgawanyo. Nilijua kosa langu, nilijua ninapaswa kuanza na asili, na bado mkono ukaandika kiasi. Nikafuta. Nikaandika tena kiasi. Karatasi ikatoboka. Nilitoka darasani na hasira, na Dija akapiga simu katika hasira hiyo hiyo.

Akaniuliza tunasoma nini shuleni. Nikamwambia, "Unauliza ili iwe nini, wakati huji?"

"Kwani mimi ndiye niliyeujaza mto?"

"Mto hukuujaza. Lakini mimi umenifanya mwitikiaji. Tangu utoto unaanza wewe, unachagua wewe, mimi nafuata. Sasa hupo na mimi sijui hata pa kushika."

Nikasikia upepo na mbuzi.

"Nimekufanya mimi?" akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kuanzia kasida.

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Jumatano, 15 Aprili

Hajapiga.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimepiga mimi. Haipatikani. Mvua inanyesha taratibu, kama inayotaka kuomba radhi.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo nimeiona kanuni. Nimeiona kwa macho, haikuwa na wimbo.

Mama alipika wali wa nazi kwa sababu Mjomba alileta samaki. Sinia likawekwa katikati, tukalizunguka, na mvua nje ilikuwa nzito hata mlango ukaonekana kama pazia. Mimi kama kawaida yangu nikaondoka pale huku nimekaa. Niliutazama wali, nikawatazama walaji. Wali ni kiasi. Walaji ni asili. Fungu la mtu mmoja ni wali ugawe kwa walaji. Na mwezi huu wote, vyote viwili vinabadilika kwa pamoja: Mama anaongeza mchele, na mvua inaongeza watu.

Basi fungu langu linapanda au linashuka?

Mama akaja na bakuli, akamimina wali mwingine juu. Uso wa kila mtu ukachangamka. Nikajiambia, kiasi kikiongezeka fungu linapanda, hilo ni la kujumlisha, hilo ndilo la kutangulia. Mara hodi mlangoni, na jirani yetu akaingia amelowa chapa chapa. Bibi akamwita, "Karibu, sogea hapa," tukabanana. Asili ikiongezeka fungu linashuka. Hilo ndilo la kutoa! Alama ya kutoa ni ya mgeni. Haiwezi kukaa kwa bakuli la Mama hata ufanyeje.

Nikaendelea kuelea. Wali wa bakuli unagawanywa mara moja tu, kila mtu anapata kidogo chake. Lakini mgeni anachukua fungu zima, na fungu ni kitu ambacho tayari kimegawanywa kwa walaji. Na analitoa wapi? Kwa walaji wote, kila mmoja anapungukiwa kidogo. Kwa hiyo linagawanywa tena kwa walaji. Mara mbili. Asili mara asili yake! Na ili bakuli la Mama nalo lisimame juu ya asili mbili, inabidi lizidishwe kwa asili moja. Ndiyo ile asili inayokaa mwanzoni kabisa mwa wimbo wetu, ambayo nimeisikia mwaka mzima bila kuuliza inafanya nini pale.

Nikapiga kelele, "Asili mara badiliko la kiasi!"

Wote wakaacha kula. Mtoto wa Mjomba akaanza kulia. Bibi akasema, "Mpeni maji huyu."

Nilipokuja kuzinduka, wali ulikuwa umekwisha. Sikujali hata kidogo. Kitu pekee nilichotaka ni kumwambia Dija.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemweleza Mwalimu Ishaka habari ya sinia baada ya kipindi, nikiwa nimesimama mbali ili akinikatia niwe karibu na mlango. Akasikiliza mpaka mwisho. Akachora duara ubaoni, akaweka nukta za chaki kulizunguka kama walaji, akafuta, akachora tena. Kisha akasema, "Na ule wimbo?"

"Wimbo gani, mwalimu?"

"Nasikia mnao. Hebu niimbie."

Nikaimba nusu yangu, ile ya kuitikia. Akangoja. Nikasema mwanzo wake ni wa Dija.

"Dija hayupo," akasema, bila ukali. "Na akiukosa mtihani huu, ni mwaka mzima huo. Mimi nimeshampigia baba yake mara tatu." Akachukua mwavuli wake mbovu, akatoka mvuani. Nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona ya maktaba. Nimekuwa nikimwonea mtu yule.

Jumatano, 22 Aprili

Dija amepiga. Kabla sijasalimu akasema, "Kuruthumu, nikwambie kitu usinicheke."

"Sikucheki. Dija, yale ya juzi..."

"Ngoja, nisije nikashuka ngazi sijasema. Sijui kinachofuata."

"Kinachofuata wapi?"

"Kwenye kanuni. Naanza vizuri tu, asili mara badiliko la kiasi. Nikifika kwenye toa, nanyamaza. Nakungoja wewe. Nimeandika kwenye mchanga, nimeandika kwenye ukuta wa jiko na mkaa, Mama kanigombeza, na kila mara naishia hapo hapo. Ile homa ya mtihani wa majaribio haikuwa homa, shoga. Nilikaa pale mbele nimegeuza shingo nakusikiliza, msimamizi akanionya."

Mimi huku nyuma nikimngoja yeye, na yeye kule mbele akiningoja mimi. Kila mmoja ana nusu, na katikati yetu kuna safu za madawati. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa jambo ambalo hata yeye hakuwa nalo lote. Machozi yakanitoka na kicheko pamoja.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Nisamehe wewe. Haya nifundishe, salio la Baba linakwisha."

Basi nikampa sinia. Nikampa bakuli la Mama, na jirani aliyelowa, na fungu linalogawanywa mara mbili. Nikamuuliza, mgeni akiingia fungu linakuwaje? Akasema linapungua, hata mtoto anajua. Nikamwambia hiyo ndiyo toa yako, na baada ya toa ni wali wote mara wageni wanaoingia. Akarudia polepole, kama mtu anayevuka mahali asipopaona chini. Alipofika "badiliko la asili" tulipiga vigelegele, mimi Bagamoyo, yeye juu ya tangi la maji.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Hata Bibi amesema sasa basi.

Jumatano, 29 Aprili

Jua! Limetoka saa nne hivi, Bagamoyo yote ikafuka moshi kama sufuria. Mama ametoa magodoro nje. Mimi nimeanika vitabu vya Dija, ukurasa kwa ukurasa, mende hakuvigusa.

Ijumaa, 1 Mei

Maji yanashuka lakini barabara ni tope. Mjomba anasema magari madogo hayapiti. Mtihani wa hesabu ni Jumanne. Najaribu kutohesabu masaa, nashindwa.

Jumapili, 3 Mei

Hajaja. Baada ya Alasiri nilikwenda peke yangu kusimama kituoni. Yalikuja magari ya Kerege, ya Dar, ya kila mahali isipokuwa huko. Kondakta mmoja akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia siendi popote, nangoja.

Nikafanya maswali ya mgawanyo hapo hapo kwenye benchi, juu ya goti. Yote nilianza na asili. Mkono haukubisha. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini ilikuwa furaha ya kula peke yako sinia zima.

Jumatatu, 4 Mei

Lori la chumvi!

Saa kumi jioni limesimama mbele ya nyumba, tope mpaka kwenye madirisha, na juu ya magunia, amejifunga kanga kichwani, Dija. Mwalimu Ishaka ndiye aliyempata dereva, kumbe ni binamu yake, na hakutuambia hata neno moja. Dija alikuwa na chumvi kwenye nyusi, kwenye kola ya shati, mpaka masikioni. Nilimkumbatia, midomo yangu ikawa na ladha ya bahari.

"Shikamoo Bibi," akasema.

"Marahaba mwanangu. Ulikuwa unakuja au unakaushwa?"

Sinia la leo lilikuwa na walaji zaidi ya siku zote. Dija akakaa ubavuni mwangu, akanikonyeza. "Fungu lako limeshuka," akaninong'oneza. Nikamwambia lishuke tu.

Jumanne, 5 Mei

Nje ya chumba cha mtihani tulipangwa mstari tukaguliwe. Dija alikuwa mbele yangu, ameangusha rula yake mara mbili. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ile aliposoma Maulidi mbele ya mji mzima.

Akageuka. "Kuruthumu, kanuni imetoka kichwani. Yote imetoka. Sina mwanzo wala mwisho."

"Itarudi."

"Siioni. Nimekaa kule peke yangu muda mrefu mno." Akanishika kiganja. "Anza wewe."

Watu walikuwa wanatutazama. Kulikuwa na mjusi ukutani, naapa, na nilimwona, nikamwacha na shughuli zake. Nikavuta pumzi. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka kwa wakati.

"Asili mara badiliko la kiasi."

Dija akafumba macho. Midomo yake ikacheza kidogo kabla ya sauti.

"Toa kiasi," akasema, akasita. Nikamngoja. Sikumsaidia. "Mara badiliko la asili."

Mshororo wa mwisho tukauimba pamoja, na wenzetu wawili watatu kwenye mstari wakauchukua. Mwalimu Ishaka alisimama pembeni ametazama kwingine, lakini kidole chake kilikuwa kinagonga mpini wa mwavuli, na kilikuwa kwenye mapigo.

Kisha tukaingia. Dija safu ya mbele, mimi nyuma kabisa, kama mara ile.

Swali la mgawanyo lilikuwa la saba. Sikumngoja mtu. Nilianza na asili, nikatoa kilicho cha kutoa, na mwisho nikaweka moja, nikaweka mbili, kuona kama kweli inapanda. Ilikuwa inapanda.

Tulipotoka, manyunyu yalikuwa yameanza upya. Nilimkuta Dija chini ya mapaa ya maktaba amekumbatia rula yake, nikaogopa kumuuliza, halafu nikauliza: alikwama kwenye toa?

Akatikisa kichwa.

"Nilikusikia ukianza," akasema. "Nikaitikia."